Zana za Kidijitali za Kuchora na Kusanifu katika Kufundisha Watoto Wadogo kuhusu Viumbe Hai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa elimu ya awali na wa madarasa ya chini ya shule ya msingi, pamoja na wazazi wenye kishikwambi au kompyuta nyumbani. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: mtoto amwone kiumbe kwanza, amchore baadaye, kisha arudi kumtazama tena na kurekebisha alichochora. Zana ya kidijitali ina thamani inaporahisisha kazi hiyo, na huwa kikwazo inapochukua nafasi ya kiumbe mwenyewe.

Zana za kusanifu zinazozungumziwa hapa ni zipi?

Ni programu zinazomwezesha mtoto kutengeneza kitu chake: kuchora, kupanga picha kwa mfuatano, kuufanya mchoro usogee, au kurekodi sauti yake akieleza alichokiona. Video za wanyama na michezo ya kuchagua jibu sahihi hazimo, hata zikiwa nzuri, kwa sababu humo mtoto hupokea kazi ya mtu mwingine. Zitatajwa zaidi mbili. Tux Paint ni programu ya bure ya kuchora iliyoanza mwaka 2002, na hutumika kwenye Windows, macOS, Linux na Android. ScratchJr, nayo ya bure, ilitolewa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts na wa MIT nchini Marekani kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7. Ndani yake mtoto huunganisha vipande vya amri vyenye alama za picha ili wahusika aliowachora wasogee, waruke au wazungumze. Canva itatajwa kidogo, kwa kuwa inamfaa zaidi mwalimu anayepanga picha za darasa zima.

Kwa nini mtoto asichore tu kwa penseli na karatasi?

Achore, tena aanze hapo. Penseli haihitaji umeme, na mkono wa mtoto unaihitaji kwa sababu nyingine nyingi.

Faida ya skrini iko katika kurekebisha. Mtoto aliyechora siafu mwenye miguu minne kwa kalamu ya rangi hapendi kuambiwa arudie, kwani kurudia kwa karatasi ni kutupa kazi yote. Kwenye programu ya kuchora anaweza kuhifadhi mchoro wa kwanza, akaenda kumtazama siafu tena, akahesabu miguu sita, akaona kwamba yote imeota kifuani na hakuna hata mmoja uliotoka kwenye tumbo, kisha akarekebisha sehemu hiyo peke yake na kuhifadhi mchoro wa pili. Michoro hiyo miwili ikiwekwa pamoja huonyesha jambo ambalo mtihani wa kuandika hauwezi kulionyesha kwa mtoto wa miaka sita, yaani namna macho yake yalivyobadilika kati ya kutazama mara ya kwanza na mara ya pili.

Skrini pia huhifadhi wakati. Kuota kwa mbegu huchukua siku kadhaa, na mtoto mdogo husahau jana ilivyokuwa. Picha zilizopigwa kila siku kutoka mahali pale pale humrudishia jana hiyo.

Watoto wa umri gani wanafaa, na kwa muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anatosheka na dakika chache za kuchora kwa kidole akiwa na mtu mzima anayezungumza naye. Kuanzia miaka mitano anaweza kufanya kazi yenye hatua, na kuanzia miaka minane hivi anaweza kuhamia Scratch yenyewe, programu ya aina hiyo hiyo kwa watoto wakubwa zaidi, ambayo inahitaji kusoma. Kipimo ninachopendekeza mimi ni kwamba muda wa kumtazama kiumbe usipungue kamwe muda wa kukaa na kifaa.

Mtoto wangu anasema gari ni kiumbe hai na mti si kiumbe hai. Je, programu za kusogeza michoro hazitazidi kumchanganya?

Zinaweza kumchanganya, na swali hili linastahili kuulizwa na kila mwalimu kabla hajafungua programu yoyote ya aina hii. Tangu miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza kwamba watoto wadogo huelekea kuona kitu kinachosogea kuwa hai: jua, upepo, mto, gari. Mti haujongei mbele ya macho yao, hivyo wanauondoa. Sasa fikiria programu ambamo jiwe linaweza kupewa amri ya kutembea na paka anayejitokeza mwanzoni mwa kila kazi huongea kama mtu. Tukimwachia mtoto programu hiyo bila mazungumzo, tunaithibitisha dhana ile ile tunayotaka kuisahihisha.

Njia ya kutoka ni kuufanya mwendo wenyewe kuwa mada. Mwambie mtoto achore kwenye ukurasa mmoja wa ScratchJr jiwe, baiskeli, kuku na mche wa mhindi, na amfute paka kabisa. Kabla ya kuweka amri yoyote, aeleze kila kimoja kinasogezwa na nini. Jiwe halipewi amri, kwa sababu halijisogezi. Baiskeli inapewa amri ya kwenda pale tu inapoguswa, kwa sababu haiendi bila mtu kuikanyaga. Kuku anapewa amri ya kuanza mwenyewe. Ukifika kwenye mhindi, watoto watabishana, na ubishi huo ndio somo: mhindi hautembei, lakini jana ulikuwa mfupi, unahitaji maji, ukikosa maji hunyauka, na utazaa mbegu zitakazoota mihindi mingine. Wanaochagua kutoupa mhindi amri ya mwendo na hata hivyo wanasema ni kiumbe hai wameshavuka pale ambapo wengi hukwama.

Mbegu kavu ni hatua inayofuata. Haisogei, haikui, haionekani kula, lakini ina uhai ndani yake unaosubiri maji. Jambo hili halielezeki kwa maneno kwa mtoto wa miaka mitano, linaonekana.

Nianze na kiumbe gani?

Anza na kunde au maharage. Ziloweke usiku mmoja, kisha zipachike kati ya karatasi laini iliyolowana na ukuta wa bilauri, ili zionekane kwa nje. Weka simu juu ya tofali, mahali palipowekwa alama ili pasibadilike, na upige picha asubuhi na jioni. Mzizi hutoka kwanza na kuelekea chini hata ukiigeuza mbegu. Baadaye shina hujitokeza likiwa limepinda, kisha hunyooka na kuziinua juu zile nusu mbili za mbegu. Panda na punje chache za mahindi kando yake, kwa kuwa mbegu ya mhindi hubaki chini ya udongo na jani la kwanza hupanda juu limejiviringa. Watoto waliozoea kunde watashangaa kuuona mhindi ukifanya vingine.

Katika kuchora ukuaji huu, jihadhari na kitufe cha kukuza. ScratchJr ina amri ya kupanua mchoro, na watoto huipenda: wanachora mche mdogo, wanaupanua mara tano, na mti umepatikana. Lakini mmea haukui kwa kupanuka wote kwa pamoja kama picha inayovutwa. Unaongeza sehemu mpya, majani mapya hutokea kwenye ncha, na alama iliyochongwa kwenye gogo la mwembe hubaki kimo kile kile miaka yote ijapokuwa mwembe unarefuka. Mtake mtoto achore kila hatua upya kutoka kwenye picha alizopiga, hata kama inachosha. Michoro iliyohifadhiwa Tux Paint inaweza kuonyeshwa kwa mfuatano, mmoja baada ya mwingine, na mmea ukaonekana ukiota mbele ya darasa kwa kazi ya mikono yao.

Mzunguko wa maisha ya kipepeo unafundishwaje kwa ScratchJr?

Kazi moja ya ScratchJr ina kurasa zisizozidi nne, na kipepeo ana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Hivyo kila hatua inapata ukurasa wake, na ukurasa ukimalizika unafungua unaofuata.

Tafuta mlimau, mchungwa au mndimu karibu na shule. Mara nyingi utakuta juu yake viwavi wa kipepeo ambaye jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika. Mayai hutagwa moja moja juu ya majani. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia na nyeupe inayofanana na kinyesi cha ndege, na hiyo humkinga dhidi ya ndege wenyewe. Akikua huwa wa kijani. Ukimgusa kwa kijiti hutoa nyuma ya kichwa kiungo cha rangi ya chungwa chenye harufu kali. Pupa hujifunga kwenye tawi kwa uzi mwembamba, na rangi yake huwa ya kijani au ya kahawia kufuatana na mahali alipojishikiza. Mtoto aliyeyaona haya hana haja ya kupewa kiolezo.

Yapo makosa ambayo huonekana karibu kila mara. Kiwavi huchorwa na miguu mingi iliyo sawa, wakati miguu halisi ni sita, iko mbele, na vishikizo vya nyuma ni vinene na laini. Pupa huwekewa macho na alama ya kulala, ilhali ndani yake mwili unajengwa upya, kwa hiyo afadhali mtoto arekodi sauti yake akieleza kinachoendelea humo. Kipepeo huonyeshwa akila majani, kumbe anayekula majani ni kiwavi, na kipepeo hunyonya nekta kwa mrija. Kosa jingine ni la programu zaidi kuliko la mtoto: hadithi inaishia kwa kipepeo kuruka na kutoweka. Mwombe aongeze kwenye ukurasa wa nne kipepeo akirudi kwenye mlimau kutaga, la sivyo tumefundisha mstari badala ya mzunguko.

Wenye shule zilizo karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wana bahati ya ziada. Mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993 huwawezesha wakulima wa pembezoni mwa msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, na watoto wanaweza kuona hapo hatua zote nne kwa siku moja.

Viwavi wenye manyoya wasiguswe kwa mikono, kwani wengi huwasha. Kiwavi aliyechukuliwa kwa ajili ya kuchorwa arudishwe kwenye mti ule ule, kwa kuwa majani ya mti mwingine huenda yasiwe chakula chake.

Je, mbu anafaa kufundishwa kwa watoto wadogo?

Anafaa sana, kwa sababu wanaishi naye. Viluwiluwi huchotwa kwa urahisi kutoka kwenye ndoo au tairi lenye maji, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua takriban wiki moja hadi mbili kwenye joto la kwetu. Mtoto achore mstari wa maji katikati ya skrini, kisha aonyeshe kiluwiluwi anapumulia wapi. Hapo kuna jambo zuri la kuchunguza: kiluwiluwi wa mbu anayeeneza malaria hulala sambamba na uso wa maji, na wa mbu wengi wengine huning'inia kichwa chini akipumua kwa mrija wa mkiani. Mchoro wa mtoto wa miaka saba unaweza kabisa kuonyesha tofauti hiyo.

Chombo kifunikwe kwa chandarua au kitambaa chepesi muda wote, na maji yamwagwe juu ya mchanga mkavu kabla mbu hawajatoka.

Watoto hupenda kutumia mihuri na picha zilizo tayari. Kuna ubaya gani?

Tux Paint ina mihuri ya wanyama na mimea, na Canva ina picha nyingi za aina hiyo. Mtoto anayebandika muhuri wa kobe hajalazimika kujua lolote kuhusu kobe. Hilo ndilo tatizo zima, na kwa maoni yangu mihuri izimwe katika vipindi vya viumbe hai. Tux Paint humruhusu mtu mzima kufanya hivyo kwenye mipangilio yake. Mihuri inaweza kurudi baadaye kwa kazi ya kupanga makundi, kwa mfano mtoto anapotenganisha wadudu na buibui, mradi awe tayari ameshachora mdudu mmoja na buibui mmoja kwa mkono wake. Buibui ana miguu minane na hana papasi (zile nyuzi za kichwani ambazo mdudu hupapasia), na picha nyingi za katuni hukosea hapo.

Kwenye skrini sisimizi na tembo wana ukubwa sawa. Nifanyeje?

Weka njiti ya kiberiti kando ya kila kiumbe kabla ya kumpiga picha, na mtoto achore njiti hiyo pia. Kwa wanyama wakubwa achore mtu aliyesimama kando.

Zana ya kioo, ile inayorudia mchoro upande wa pili, ina manufaa?

Ina manufaa kwa kipepeo, kwa sababu mabawa yake ya kushoto na kulia yanalingana. Hata hivyo, itumike baada ya watoto kukunja jani halisi katikati na kuona kama pande zake mbili zinalingana kweli, kwani nyingi hukaribiana tu. Watoto wa pwani wanaweza kulinganisha na kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye kwa kawaida ana mikono mitano inayotoka katikati na hawezi kuchorwa kwa kioo cha pande mbili peke yake. Atazamwe majini na kuachwa huko huko.

Nina darasa la watoto wengi na simu moja. Je, haya yote yananihusu?

Yanakuhusu, na kwa kweli walimu wengi wako hapo ulipo. Kazi ya kutazama na kuchora kwa penseli ifanywe na wote. Kisha simu hupiga picha michoro ya kila kundi, na mwalimu huipanga kwa mfuatano nyumbani au ofisini, akairudisha darasani kesho yake. Kila siku kundi moja ndilo linaloshika simu kupiga picha ya mbegu, na kundi linalofuata hulinganisha picha hiyo na ya jana. Kama kuna kompyuta moja ya zamani, Tux Paint itafanya kazi juu yake, na watoto wanne wanaweza kukaa pamoja: mmoja anashika kipanya, mmoja anamtazama kiumbe na kusema anachokiona, wawili wanakagua mchoro, kisha wanabadilishana. Anayetazama na kusema hujifunza pengine kuliko anayeshika kipanya. Sisemi hivi kuwafariji wenye vifaa vichache. Kazi ya kumweleza mwenzako umbo la mguu wa panzi mpaka aweze kuuchora ni ngumu, na inadai macho makini.

Je, intaneti inahitajika?

Tux Paint na ScratchJr zikishapakuliwa hazihitaji intaneti. Canva inaihitaji.

Programu hizi zina Kiswahili?

Scratch ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. ScratchJr hutegemea alama za picha, hivyo mtoto asiyesoma hapati shida. Sauti zinazorekodiwa ni za lugha yoyote, na mtoto anayemjua mdudu kwa jina la lugha ya nyumbani aachwe alitaje.

Vipi kuhusu akili mnemba inayotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno?

Kwa watoto wadogo sioni sababu ya kuitumia katika somo hili. Picha hizo zinaweza kuwa na miguu isiyo sahihi au maua yasiyokuwapo popote, na mtoto hana uwezo wa kuzikagua. Tena, huduma nyingi za aina hiyo zina masharti ya umri ambayo watoto hawa hawajayafikia. Kubwa zaidi, zinamwondolea mtoto kile kile tunachotaka akifanye, yaani kutazama na kuamua mstari upite wapi.

Je, kazi hii inaendana na mtaala?

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi uliosambazwa shuleni kuanzia mwaka 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, na shughuli za mazingira hufundishwa katika madarasa ya chini, kwa hiyo kipindi kimoja hutimiza yote mawili. Nchini Tanzania, mwalimu wa awali na wa darasa la kwanza anaweza kuitumia kama mazoezi ya kusoma, kuandika na kuhesabu pia: kuhesabu miguu, kuandika jina la sehemu, kusoma maelezo ya mwenzake.

Je, ninaweza kusambaza kazi za watoto kwa wazazi au mtandaoni?

Kwa wazazi wa darasa lako, ndiyo. Kuzitoa kwa umma ni jambo jingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha ya jani haihitaji uso wa aliyelishika. Piga picha ya mkono na jani, zima huduma ya mahali kwenye simu, na uondoe majina kamili kwenye sauti zilizorekodiwa.

Nitajuaje kwamba mtoto amejifunza kuhusu kiumbe, na si kuhusu programu tu?

Mfungulie mchoro wake na uguse sehemu moja: mguu, jani, jicho. Muulize, "Ulijuaje kwamba kuna hiki hapa?" Akijibu kwamba alikiona, muulize wapi, na mwende pamoja mkakitazame. Akijibu kwamba ndivyo kinavyochorwa, mpe kishikwambi, mtoke nje, akaanze upya. Angalia pia tofauti kati ya mchoro wa kwanza na wa mwisho: rangi zilizopendeza zaidi hazina uzito mkubwa, ilhali papasi moja iliyoongezwa, au mzizi uliogeuzwa ukaelekea chini, una uzito mkubwa. Hifadhi michoro yote miwili kwa jina la mtoto na tarehe, na usiufute ule wenye makosa.